Shingo ya Tunu

Tunu Mwinjuma ana jasho linalokula madini. Hilo si tusi, maana yeye mwenyewe huwaambia wateja, na pale sokoni Tandika, kwenye meza yake ya mikufu na hereni, ndilo tangazo pekee alilonalo. Mpe mkufu wowote uliopakwa maji ya dhahabu, auvae Jumatatu asubuhi. Alhamisi mkufu umechuja, Ijumaa shingo imejichora duara la kijani, na Jumamosi Tunu yuko Kariakoo kwa aliyemuuzia, ameinua kidevu ili duka zima lione. Wauzaji wa jumla wanamjua. Wakimwona mlangoni huanza kutafuta risiti kabla hajasalimia.

Wenzake sokoni hujaribu mali kwa sumaku au kwa kung'ata. Tunu hujaribu kwa mwili. Mzigo mpya ukija, kila aina huchukua kimoja akakivaa: pete vidoleni, bangili mkono wa kushoto, kikuku mguuni, mkufu shingoni. Halafu anaendelea na maisha ya kawaida ya mwanamke wa Temeke. Anafua, anakuna nazi, anapara samaki, anaoga maji ya kisima yenye chumvi, anashinda juani. Baada ya wiki mbili, kilichobaki na rangi yake kinapanda mezani upande wa kulia. Kilichogeuka kinakwenda kushoto, na mteja akikigusa anaambiwa ukweli wote bila kuuliza.

"Hicho kina siku nne, sista," humwambia. "Una harusi moja? Chukua. Una mbili? Kiache hapohapo."

Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunu anavyo vyote viwili na wala haoni haya. Juzi alikuja baba mmoja wa Mbagala na sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, akaipitisha juu ya bangili za upande wa kushoto kwa uso wa daktari. Sumaku haikunasa. Baba akatangaza kwamba Tunu ni mshamba, ameweka dhahabu kwenye fungu la feki.

"Baba yangu, sumaku inashika chuma," Tunu akamwambia. "Shaba haishikwi. Hata kijiko cha plastiki hakishikwi, nikuuzie kama dhahabu?"

Akimaliza kucheka na mteja, humpa darasa bure. Dhahabu ya kweli haina neno, ila inataka mlango wa chuma na majirani wasiojua. Fedha ni nzuri na haina hila, lakini hufubaa ikawa nyeusi. Ni kama mume mlevi, unamsugua Jumapili, Jumatano amerudi alikokuwa. Ya kupakwa maji ya dhahabu ni rangi tu, na rangi huisha. Kipenzi chake yeye ni stenlesi. Haina ukoo wala majivuno, haishiki kutu, haigeuki, unaoga nayo, unalala nayo, na mwizi akiivuta barabarani anakimbia na kitu ambacho wewe utanunua kingine kesho.

Ukimsikia hivyo utadhani ni mwanamke asiyejali macho ya watu. Sokoni hajali kweli. Lakini kwenye shughuli, iwe harusi, hitima au maulidi, Tunu hufunga ushungi hadi chini ya kidevu, hata jua liwe la kukaangia mayai. Shingo yake inaonekana sokoni na madukani, na haionekani mahali pengine popote. Sababu ya hilo iko Kinondoni, na inaitwa Bi Zubeda.

Miaka ishirini na nne iliyopita Tunu aliolewa na Abdulrahman, mtoto wa pekee wa Bi Zubeda. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwembamba, na jasho lake lilikuwa bado halijatangaziwa mtu. Nyumba ile ya Kinondoni ilikuwa na kidani kimoja kipana, chenye majani saba yaliyoning'inia, ambacho marehemu Mzee Shomari, baba yake Abdulrahman, alikileta kutoka safarini enzi akifanya kazi melini. Ilisemwa ni dhahabu. Kila Idd, na Idd ni mbili kwa mwaka, Bi Zubeda alikitoa kwenye kopo la maziwa ya unga, akakisugua kwa majivu ya mkaa na ndimu mpaka kikang'aa, akakirudisha. Yeye alikivaa kwenye fungate yake tu. Desturi ya nyumba ikawa ndiyo hiyo: bibi harusi anakaa nacho shingoni siku zote saba za fungate, akiwa ndani, bila kukivua, na siku ya saba wanawake wa ukoo wanakuja kumtoa nje.

Tunu alikivaa. Siku ya tano alianza kuwashwa. Siku ya saba wanawake wakajaa ukumbini, mashangazi, majirani na wapenda biriani, Bi Zubeda akamfunua ushungi ili watu wamwone mwali alivyonawiri. Shingoni palikuwa na duara la kijani, na chini yake majani saba, moja moja, yamejichapa kwenye ngozi.

"Dhahabu haisemi uongo," Bi Zubeda alisema mbele ya wote. "Binti huyu ana husda. Kitu kizuri hakikai mwilini mwake."

Ndoa ilidumu mwaka na nusu. Abdulrahman alikuwa mume wa kukubaliana na mtu wa mwisho kuzungumza naye, na mtu wa mwisho siku zote alikuwa mama yake. Tunu akarudi Temeke na mtoto mchanga, Nusaiba, na jina lililomtangulia. Ukipikwa wali ukaungua, watu walimtazama. Mwenye dera jipya alilificha. Mwenye mtoto mnene alimfunika. Jirani mmoja alikatika kiatu mbele ya mlango wake akaenda kusomewa dua, na kiatu chenyewe kilikuwa cha mtumba, kimekwisha.

Na yeye mwenyewe akaamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi alipolikumbuka baadaye. Kwa muda wa mwaka mzima aliamini kwamba ana roho mbaya bila kujijua, kama mtu anayenuka mdomo. Akamwendea sonara mmoja mzee wa Kariakoo, Talha, amuulize kama kuna madini yanayoweza kumtoa mtu husda. Talha alicheka mpaka miwani ikaanguka juu ya mizani.

"Mwanangu, dhahabu ya kweli haiachi kijani," alimwambia. "Kijani ni shaba. Ulivishwa shaba iliyopakwa maji ya dhahabu. Kilikuwa kinasafishwaje?"

Tunu akamweleza majivu na ndimu, Idd mbili kila mwaka, miaka karibu thelathini.

"Basi dhahabu ilikuwepo, nyembamba kama ngozi ya kitunguu," Talha akasema. "Yeye mwenyewe ndiye aliyeisugua ikaisha."

Tunu alitoka pale anacheka peke yake barabarani mpaka watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja Kinondoni kusema. Maneno hayakufika mbali. Aliambiwa kwamba husda yake sasa imevuka mpaka, imeanza kumtukana na marehemu, na kidani cha marehemu hakipelekwi kwa sonara kupimwa kama ng'ombe wa mnada. Akarudi Tandika, akanunua meza.

Hayo yalikuwa ya zamani, na mavi ya kale hayanuki. Yangebaki huko kama Nusaiba asingepata mchumba.

Mchumba alikuwa Mudathir wa Kawe, fundi wa viyoyozi, mpole, anacheka kabla kichekesho hakijaisha. Kwake hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mama yake, ambaye kabla hata posa haijajibiwa alikwishauliza mara mbili kwa nini Nusaiba ana kovu gotini, na kama upande wa mama yake kuna mtu aliyewahi kupandisha mashetani. Na Nusaiba jasho la mama yake alilirithi lote. Akiwa darasa la sita alivaa pete ya kuokota, kesho yake kidole kilikuwa cheusi.

Wiki tatu kabla ya harusi, Abdulrahman alipiga simu. Alikubaliana na Tunu kwa muda wa dakika tatu nzima, kwa kila alichosema, kisha akamaliza, "Ila mama amesema mjukuu wake atavaa kidani. Fungate nzima. Ni desturi."

Tunu aliketi chini na simu mkononi. Aliiona fungate ya Kawe kama sinema: wanawake wa kule wanaingia chumbani kumwogesha mwali, ushungi unafunuliwa, na mama Mudathir amesimama mbele kabisa.

"Nitakivaa siku ya kwanza halafu nitakivua, mama," Nusaiba alimwambia. Alikuwa anapaka kucha rangi, hana habari.

"Utakivua mbele ya nani? Chumba kitakuwa kimejaa wao."

"Basi nitasema kinaniwasha."

"Mie nilisemaga kinaniwasha," Tunu alijibu. "Nikaambiwa husda huwaga inawasha."

Nusaiba akaacha kupaka. Ile chupa ya rangi ya kucha ilikuwa ya maji, isiyo na rangi, na Tunu akaikodolea macho, wazo likamjia. Kila fundi wa vito vya bei poa anaujua ujanja huo: unapaka upande wa nyuma tabaka mbili tatu za rangi ya kucha, jasho haligusi shaba, ngozi inabaki safi siku kumi. Alichohitaji ni kukaa na kidani jioni moja tu. Kesho yake akafunga ushungi hadi kidevuni, akaenda Kinondoni.

Bi Zubeda alikuwa amekaa barazani, mdogo kuliko alivyokumbukwa, na miaka yake karibu themanini. Macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Alhamdulillahi. Mama, nimekuja kuhusu kidani. Nilikuwa naomba nikisafishe mie. Ndiyo kazi yangu siku hizi."

Bi Zubeda akalivuta kopo la maziwa ya unga karibu na miguu yake, kana kwamba Tunu angekimbia nalo. "Mikononi mwako kilishabadilika mara moja."

"Kilibadilika shingoni, mama."

"Ndiyo nasema. Na kama shingo ya mtoto ni safi, unaogopa nini?"

Tunu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kwa miaka ishirini na moja. Lakini ukutani nyuma ya bibi ilining'inia picha ya Mzee Shomari, kanzu nyeupe, kofia imeinama kidogo, na tabasamu ambalo Tunu hakuweza kujua kama ni la mtu aliyedanganya au aliyedanganywa. Bi Zubeda alimwona anavyotazama.

"Alikivaa ndani ya shati," bibi alisema, sauti imeshuka. "Kutoka bandarini mpaka hapa kwa miguu, asiporwe. Mwanamume yule alinunua kila kitu kwa kusahau. Alinunua kiatu kimoja. Alinunua redio bila betri, na betri za redio nyingine. Hiki ndicho kitu pekee alichowahi kuniletea kikawa kitu."

Tunu akaaga. Njia nzima alijitukana kwa kunyamaza, na alipofika sokoni akahamia kumtukana Bi Zubeda. Msikilizaji wake alikuwa Demetria, msusi wa meza ya jirani, mtu wa Masasi, Mkatoliki, aliyezijua desturi za pwani vizuri kuliko wenyewe kwa sababu alisuka vichwa vyao na vichwa husema.

"Nyani haoni kundule," Demetria alisema, nywele za bandia mdomoni. "Mwambie mbele ya watu. Si na yeye alikufanyiaga mbele ya watu? Siku hiyohiyo ya kumpamba mtoto, kabla kidani hakijamgusa. Simama, sema, kaa."

Tunu akakubali. Kwa wiki mbili, huku akipanga hereni, aliandaa hotuba. Mwisho wake alikuwa nazo tatu: fupi, ndefu, na yenye matusi. Demetria aliipenda ya tatu na kuna sehemu alichangia.

Siku ya kumpamba Nusaiba ilikuwa Jumamosi ya Februari, na kwa joto Dar yote ilikuwa kama imefunikwa ndani ya sufuria. Turubai lilifungwa katikati ya mtaa, spika ikapiga singeli mpaka vyombo vikatembea mezani, wanawake wakaja na vijora vya sare, rangi ya zambarau, wakijipepea kwa vifuniko vya ndoo. Viti vya mbele walipewa wa Kawe. Mama Mudathir alikuwa ameketi katikati yao, kipochi mapajani, anahesabu nyufa za ukuta. Viti vya pili walikaa mashangazi wa Kinondoni, walewale wa miaka ile, wamezeeka ila kumbukumbu zao zinafanya kazi. Nusaiba aliketi kwenye mkeka ameinamisha kichwa, na Yasmini, somo wake, mwanamke wa kumfunda, yuko ubavuni. Tunu alisimama nyuma yao, ushungi umebana, jasho linamtiririka mpaka kiunoni.

Kilichosubiriwa kilikuwa kidani, na kidani kilichelewa. Bajaji ya Bi Zubeda ilikaa kwenye foleni saa mbili, kwenye jua, bila upepo. Aliposhuka, baibui jeusi limefungwa vifungo hadi kooni, watu wawili walimshika mikono. Vijora vikasimama, shikamoo zikamiminika, akaziitikia zote kwa marahaba moja.

Yasmini akamketisha mkekani, karibu na mwali. "Bibi, tunangoja kidani cha mwali."

"Nimekuja nacho mwilini," Bi Zubeda alisema, kwa fahari. "Mji huu kipochi hakifiki. Jana nimekisugua, leo nimekivaa, alivyofanya marehemu." Akaanza kufungua vifungo, lakini vidole vilikuwa vigumu. Akaangaza. "Tunu. Njoo unifungulie nyuma."

Tunu alipiga magoti nyuma ya bibi. Akamfungulia vifungo vya baibui, akaushusha ukosi, akashika kile kifungo kidogo cha kidani, na hapo ndipo alipoona. Majivu na ndimu vya jana, ambavyo bibi hakuvisuuza sawasawa, na jasho la saa mbili, vilikuwa vimefanya kazi yao. Mstari wa kijani, mpana, mbichi, ulizunguka shingo yote ya Bi Zubeda.

Angeweza kuurudisha ukosi. Lakini mikono ilikwishafungua, kidani kikateleza mbele, na kila mtu kwenye viti vya mbele na vya pili akaona. Duara la kijani, na chini yake, juu ya ngozi iliyokunjamana, majani saba. Moja moja.

Aliyekuwa kwenye spika akapunguza sauti, sijui kwa nini. Shangazi mmoja wa Kinondoni akaanza kutazama vidole vyake vya miguu. Mama Mudathir akainama mbele.

"Hiyo nini?" akauliza.

Tusidanganyane, Tunu alifurahi. Hotuba zote tatu zilimpanda kooni kwa pamoja, ya matusi ikiwa mbele, na upande wa pili wa turubai alimwona Demetria ameshika kifuniko chake cha ndoo kama mtu anayengoja goli. Hakuna mtu pale aliyehitaji kufafanuliwa. Hukumu ilikuwepo tayari, imetolewa zamani, na aliyeitoa ndiye huyu aliyekaa na shingo ya kijani.

Bi Zubeda akapeleka mkono kooni. Akatazama vidole vyake. Kisha hakuwatazama watu, alikitazama kidani kilichomlalia mapajani, muda mrefu, akakigeuza upande wa nyuma, akakirudisha.

"Shomari," alisema polepole, kwa sauti ambayo Tunu peke yake aliisikia.

Alikwishaelewa. Kile ambacho Talha alihitaji robo saa kumweleza Tunu, bibi alikuwa amekielewa kwa mpigo mmoja. Na alikuwa bado ameinamisha shingo, hajaifunika, anangoja. Tunu aliijua namna ile ya kuinama. Aliwahi kuinama vilevile, kwenye ukumbi wa Kinondoni, akingoja mtu yeyote, hata mmoja, aseme neno jingine. Hakuna aliyesema.

Akanyoosha mkono kwenye sinia la matunda, akachukua kipande cha ndimu, akakikamulia kwenye ncha ya kanga yake, akaanza kumfuta bibi shingo.

"Jasho hilo," alisema kwa sauti ya sokoni, ifike viti vyote. "Saa mbili kwenye bajaji, Februari hii, nani asitoke jasho? Ni jasho tu, dada yangu wa Kawe. Lingekuwa ugonjwa, mie ningeshazikwa zamani. Njoo Tandika siku moja nikuonyeshe."

Demetria akafungua mdomo. Tunu akamtazama. Demetria akaufunga, kwa shida.

"Mie pia pete zangu huniacha mweusi," mama Mudathir akasema, kana kwamba amekumbushwa. Akajitazama kidole. "Nilidhani ni sabuni."

"Ni pete, dada. Nitakuletea ya stenlesi."

Watu wakaanza kucheka, taratibu, wakipata ruhusa. Tunu akaendelea kufuta. Rangi haikuwa ikitoka yote, na shingo ile ilikuwa nyembamba mno chini ya kanga, mifupa yote inahesabika. Bi Zubeda akatoa leso, akakifunga kidani ndani yake mafundo mawili, akakitia kifuani.

"Hiki kisimguse mtoto," alisema. "Mvishe cha kwako."

Cha Tunu kilikuwa ndani, kwenye kabati, kimefungwa kwenye karatasi: mkufu wa stenlesi, mwembamba, aliouvaa mwenyewe miezi minane kabla hajaamua kwamba unamfaa mwanawe. Ameufulia, ameuparia samaki, ameulilia kwenye misiba miwili, umebaki vilevile. Alimvisha Nusaiba, na Nusaiba akaushika kwa vidole vilivyopakwa hina mpya, akaharibu ua moja la hina, Yasmini akamgombeza.

Yasmini alikuwa ameshafungua mdomo kuanza nasaha, Bi Zubeda alipoinua mkono. Aliinuka. Ilimchukua muda, na hakutaka kushikwa.

"Kabla hamjaendelea," alisema. "Miaka ile nilisimama mbele ya watu nikasema neno juu ya shingo ya huyu." Akamwonyesha Tunu kwa kidevu. Kisha akawageukia mashangazi wa Kinondoni. "Nyie mlikuwepo. Mlikula biriani yangu na mkatoka mkaeneza. Basi na hili mkalieneze. Lilikuwa jasho."

Akakaa.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Demetria, ambaye mpaka leo hajui alikuwa anashangilia nini, wengine wakadakia, na mwenye spika akapandisha sauti. Tunu akasema anasikia wali unaungua. Wali ulikuwa umeshaepuliwa zamani. Akapita katikati ya vijora, akazunguka nyuma ya nyumba, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na majiko, akalia. Mpishi alimuuliza kama ni moshi, akasema ndiyo, ni moshi.

Alipomaliza aliufungua ushungi ajifute uso. Shingoni alikuwa na mkufu wa kujaribia mzigo wa wiki ile, na kwa jasho na machozi ulikwishachuja, umeacha mstari wa kijani kuanzia sikio hadi sikio. Mpishi akamwambia kwa heshima kwamba ana kitu shingoni.

"Najua," Tunu alisema.

Akaukunja ushungi, akautia kwapani, akarudi kwa wageni.